Kutengwa, Kusimamishwa na Kudisko: Uhakiki wa Istilahi za Kanuni za Masomo katika Vyuo Vikuu vya Kikristo

1. Utangulizi

Vyuo vikuu vya makanisa havina umri mkubwa nchini Tanzania. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu cha taifa kinachojitegemea. Makanisa nayo yalikuwa na seminari, vyuo vya ualimu na vyuo vya uuguzi tangu zamani, ila milango ya vyuo vikuu visivyo vya serikali ilifunguliwa katika miaka ya 1990. Ndipo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoanzisha Chuo Kikuu cha Tumaini, na Maaskofu Katoliki wakaanzisha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino huko Mwanza mwaka 1998. Baadaye Waanglikana walifungua Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana mjini Dodoma mwaka 2007, nao Wamoraviani wana Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji mjini Mbeya.

Kila chuo cha namna hii kina kanuni za masomo ya shahada ya kwanza. Kanuni hizo hueleza nani adahiliwe, kozi zipimwe vipi, anayeshindwa afanyiwe nini, na anayedanganya katika kazi yake aadhibiwe kwa kiasi gani. Kwa kuwa lugha ya kufundishia katika vyuo vikuu ni Kiingereza, kanuni hizo nazo huandikwa kwa Kiingereza. Lakini kanuni haikai kitabuni tu. Mwanafunzi huelezwa kwa Kiswahili katika juma la kwanza la kupokelewa. Mzazi huelezwa kwa Kiswahili anapopiga simu ofisini. Na usharika au parokia iliyochangia ada hupewa taarifa kwa Kiswahili. Kwa hiyo tafsiri inafanyika kila siku, tena bila mhariri na bila orodha ya istilahi. Katika vyuo vya makanisa mfasiri huyo wa ghafla mara nyingi ni mtu aliyelelewa katika lugha ya ibada, naye huchota maneno katika kisima anachokijua.

Madhumuni ya makala haya ni kuyapima maneno hayo. Hatuandiki ili kuvishutumu vyuo hivyo, wala hatudai kwamba dini na taaluma haziwezi kukaa nyumba moja. Hoja yetu ni moja: neno linalotangaza uamuzi juu ya alama za mwanafunzi lisitangaze pia, bila kukusudia, uamuzi juu ya roho yake.

2. Asili ya neno si kosa

Wako wasemao kwamba dawa ya tatizo hili ni kuyafukuza maneno yote ya dini katika kanuni za vyuo. Rai hiyo haisimami. Tukiifuata hatutabaki hata na jina la tuzo yenyewe. Shahada, katika asili yake ya Kiarabu, ni ushahidi, nayo ni jina la tamko la imani ya Kiislamu, ambalo ni nguzo ya kwanza ya dini hiyo. Kuhitimu nako kulitumika kwa mtoto aliyemaliza kuisoma Kurani chuoni kwa mwalimu wake, kabla hakujatumika kwa mtu aliyevaa joho siku ya mahafali. Hata hivyo mwanafunzi wa Kikristo huhitimu na kutunukiwa shahada mbele ya askofu, wala hakuna anayeshtuka.

Sababu ni kwamba matumizi yameyapa maneno hayo maana mahususi inayosimama peke yake. Asikiaye “shahada ya kwanza ya sheria” hafikirii tamko la imani. Kadhalika kudahili, ambako bado kuna maana ya kumhoji mtu kwa kina, kumekubali kuwa jina la kumwingiza mwanafunzi chuoni. Tena kumezaa udahili, mdahiliwa na mdahili bila taabu. Na kitivo, neno lenye maana pia ya mahali penye rutuba, kimekaa vizuri katika maana ya sehemu ya chuo kikuu, labda kwa sababu taswira ya shamba haimdhuru msomi yeyote.

Basi kipimo chetu kisiwe “neno hili limetoka wapi?” bali “neno hili, likitamkwa mahali hapa, mbele ya watu hawa, bado linafanya kazi gani nyingine?” Shahada imekwisha kutua mzigo wake wa zamani. Yapo maneno mengine ambayo katika chuo cha kanisa bado yameubeba, nayo ndiyo tunayoyahakiki sasa.

3. Kutengwa na kurudi kundini

Tulipata kusomewa barua moja iliyotoka katika chuo ambacho hatutakitaja. Barua ilimwarifu mzazi kwamba binti yake “ametengwa na masomo kwa mwaka mmoja, na atarudi baada ya kujirekebisha.” Kisa chenyewe kilikuwa kushindwa kozi tatu. Lakini katika Kanisa la Kilutheri, na katika makanisa mengine kadhaa, kutengwa ni adhabu ya mkristo aliyekosa mbele ya ushirika: hashiriki Meza ya Bwana, na anapotubu hupokewa hadharani, ikasemwa kwamba amerudi kundini. Mzazi aliisoma barua kwa masikio hayo. Wazee wa usharika walioombwa kuisoma nao waliielewa hivyo hivyo. Kabla binti hajateremka kwenye basi, kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kumtafutia dhambi, na kila mtu anajua ni dhambi gani ambayo watu huwatafutia wasichana kwanza.

Yafaa tuseme wazi kwamba aliyeiandika barua hakuwa na nia mbaya. Alitafuta neno la heshima, akaona “kufukuzwa” ni kali mno. Kosa lake ni la istilahi. Na kosa hilo lina uzito zaidi katika chuo cha Kikristo kuliko kwingineko, kwa kuwa chuo hicho kina kanuni za mwenendo pamoja na kanuni za masomo. Mwanafunzi anaweza kweli kusimamishwa kwa ulevi au uasherati. Penye njia mbili za kumtoa mwanafunzi chuoni, moja ya alama na moja ya nidhamu, lugha haina budi kuonyesha ni ipi iliyofuatwa. Ikikaa kimya, msomaji ataijaza nafasi hiyo kwa fununu.

Tukizichunguza kanuni zenyewe tunaona maamuzi matano yaliyo mbalimbali, ambayo katika mazungumzo huvurugwa na kuitwa “kufukuzwa” au “kutengwa”. Tofauti zake hutegemea maswali matatu: nani ameamua, kwa sababu gani, na je, kuna kurudi? Tunapendekeza yafuatayo:

(a) Kuahirisha masomo: mwanafunzi mwenyewe ameomba, kwa ugonjwa, uzazi au ukosefu wa ada, na nafasi yake imehifadhiwa.

(b) Kuacha masomo: mwanafunzi ameamua kuondoka, naye hakuhifadhiwa nafasi.

(c) Kuondolewa masomoni: chuo kimeamua, kwa sababu ya alama peke yake.

(d) Kusimamishwa: chuo kimeamua, kwa sababu ya nidhamu, kwa muda uliotajwa au mpaka uchunguzi uishe.

(e) Kufukuzwa: chuo kimeamua, kwa sababu ya nidhamu, na hakuna kurudi.

Maneno haya yote yamo vinywani mwa watu, na hatukubuni hata moja. Lililo jipya ni kuyawekea mipaka na kuiheshimu. Binti tuliyemtaja alistahili kuandikiwa kwamba ameondolewa masomoni kwa sababu ya kozi tatu, na kwamba kanuni inamruhusu kuomba tena baada ya mwaka mmoja. Hiyo ni habari chungu, lakini haina kitendawili.

Jirani ya kutengwa liko neno majaribu. Mwanafunzi ambaye wastani wake umeshuka chini ya kiwango, lakini bado anaruhusiwa kuendelea muhula mmoja ili ajikwamue, husemwa kuwa “yuko katika majaribu”. Msemaji alikusudia majaribio, yaani kupimwa, kama mwajiriwa mpya anavyowekwa katika kipindi cha majaribio. Herufi mbili za mwisho zimembadilishia maana: majaribu, kwa msikilizaji wa kanisani, ni vishawishi vya Shetani. Hata hivyo majaribio nayo hayatoshi. Mwajiriwa wa majaribio ni mgeni anayepimwa iwapo afaa. Mwanafunzi huyu amekwisha kudahiliwa, na kinachotakiwa sasa ni kumtazama kwa karibu na kumsaidia. Tunapendekeza muda wa uangalizi, au kwa urefu, muda wa uangalizi wa kimasomo. Neno uangalizi linawabana wote wawili: mwanafunzi anaangaliwa, na chuo kina wajibu wa kuangalia.

4. Je, ni wizi?

Ama kuhusu kosa la kunakili maandishi ya mtu mwingine na kuyaleta kama yako, istilahi iliyoenea ni wizi wa kitaaluma au wizi wa maandishi. Katika chuo cha Kikristo neno hili hupokewa kwa furaha, kwa sababu linaungana mara moja na amri ya Mungu: usiibe. Wahadhiri wengine huwaambia wanafunzi kwamba anayenakili amevunja amri ya saba. Hapo tayari pana utata, maana Wakatoliki na Walutheri huihesabu amri hiyo kuwa ya saba, lakini kwa Waanglikana na Waadventista ni ya nane. Ni utata ule ule ulio katika usemi maarufu wa “kuvunja amri ya sita”, unaoeleweka nchini kote kuwa ni uzinzi, ingawa kwa Mwanglikana amri ya sita hukataza kuua! Tunayataja haya si kwa mzaha, bali kuonyesha kwamba istilahi inayoegemea mafundisho ya dhehebu moja haivuki salama kwenda kwa jingine, hali vyuo hivi hupokea wanafunzi wa madhehebu yote, na Waislamu pia.

Lakini pingamizi letu kubwa ni la mantiki. Wizi ni kosa dhidi ya mwenye mali. Mwenye mali akikupa kwa hiari, hakuna wizi. Sasa tumfikirie mwanafunzi aliyepewa insha na rafiki yake kwa moyo mweupe, akaandika jina lake juu, akaiwasilisha. Hakumwibia mtu. Yule aliyenunua tasnifu kwa fedha zake hakuiba, alilipa. Na yule anayewasilisha insha yake ile ile ya mwaka jana katika kozi mpya hawezi kujiibia. Hata hivyo wote watatu wamevunja kanuni. Aliyekosewa si mwenye maandishi bali msomaji: mhadhiri ameaminishwa kwamba anachokisoma kimetoka mahali ambapo hakikutoka. Kwa hiyo neno wizi linamwacha huru mkosaji halisi, ambaye atajitetea kwa haki kabisa kwamba hakuiba.

Kwa upande wa pili, neno hilo linamwangukia kwa ukali mno mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyesahau kuweka alama za kunukuu. Huyu amekosa, naam, lakini kumwita mwizi mbele ya wenzake, katika jumuiya inayosali pamoja, ni kumpa jina ambalo alama za muhula ujao haziwezi kulifuta.

Tunapendekeza unukuzi fiche. Unukuzi unaeleza tendo. Fiche, neno lililokwisha kuzoeleka katika taaluma ya lugha na fasihi, linaeleza kwamba chanzo kimefichika kwa msomaji, bila kuhukumu kama kilifichwa kwa hila au kwa uzembe. Hila na uzembe vitofautishwe katika vifungu vya adhabu, ambako ndiko mahali pake. Tuliwahi kulifikiria pia “unukuzi usiokiri”, tukaliacha: katika kanisa, kukiri ni kukiri imani na kukiri dhambi, nasi tungekuwa tumerudi tulikotoka.

5. Mikopo 360 na wastani usio wastani

Si kila kasoro hutoka madhabahuni. Zipo zinazotoka katika kamusi kufunuliwa kwa haraka. Kozi za chuo kikuu hupewa vipimo vya uzito ambavyo jina lake la Kiingereza lina maana pia ya mkopo. Tumekutana na tafsiri inayosema mwanafunzi anahitaji “mikopo 360” ili ahitimu. Katika nchi ambayo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inajulikana hata vijijini, hakuna mzazi atakayesoma sentensi hiyo bila kutokwa na jasho.

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2005, kipimo kimoja ni sawa na saa 10 za kujifunza, zikiwamo za darasani na za kujisomea. Shahada ya miaka mitatu haipungui vipimo 360, yaani saa 3,600. Hapa tunaunga mkono utohozi: krediti. Neno limekwisha kuingia vinywani, linafuata sauti za Kiswahili, na halina maana nyingine chuoni. Penye haja ya maelezo, isemwe “uzito wa kozi kwa krediti”.

Uzito huo ndio unaotuleta kwenye wastani wa alama, jina linalotumiwa kwa kile kipimo kinachoamua daraja la shahada. Jina hili si baya, ila limepungukiwa. Vyuo vikuu vingi nchini hutumia kipimo cha pointi 5, ambapo A ni 5 na B ni 3. Tuchukue mwanafunzi mwenye B katika kozi ya krediti 16 na A katika kozi ya krediti 4. Kwa hesabu ya wastani wa kawaida atasema ana 4.0, na kwamba yumo katika daraja la pili la juu, linaloanzia 3.5. Lakini kanuni huzidisha kila pointi kwa krediti za kozi yake: 48 na 20, jumla 68, zigawanywe kwa 20. Jibu ni 3.4, nalo liko katika daraja la pili la chini. Mwanafunzi huyo akilalamika kwamba amedhulumiwa, jina la kipimo ndilo lililomdanganya kwanza. Iitwe basi wastani wa uzito, na mfano wa hesabu kama huu uwekwe karibu na jina.

6. Kamusi ya mabwenini

Wakati ofisi zinahangaika na kutengwa na majaribu, wanafunzi wenyewe wamekwisha kujitengenezea istilahi. Aliyeondolewa masomoni amedisko. Mwenye mtihani wa marudio ana sapu. Mwenye kozi aliyoshindwa na ambayo ataibeba hadi mwaka unaofuata ana keri. Maneno haya husikika katika vyuo vya serikali na vya makanisa sawasawa, na lazima tukiri kwamba yana sifa mbili ambazo istilahi rasmi huzikosa: ni mafupi, na hayachanganyikani. Hakuna mwanafunzi anayeuliza sapu ni nini.

Hata hivyo hatuwezi kuyapitisha yote. Disko limekatwa katika neno la Kiingereza bila kujali kwamba Kiswahili kina disko tayari, nalo ni la muziki. Barua inayomwambia mchungaji kwamba mwanawe amedisko itazua balaa kuliko ile ya kutengwa. Sapu inaweza kubaki mabwenini, maana mtihani wa marudio unajieleza wenyewe. Ila yafaa ukumbukwe usichanganywe na mtihani maalumu, unaofanywa na yule ambaye hakufanya mtihani wa kwanza kwa udhuru uliokubaliwa. Huyu harudii kitu.

Keri ndiyo inayotutaka tufikiri, maana upande wa ofisi hatukuona neno lolote zaidi ya maelezo marefu. Nasi hatuna haja ya kwenda mbali. Chakula cha jana kilichobaki huitwa kiporo, na wapenzi wa kandanda wamekwisha kulipanua neno hilo: mchezo ambao timu haijaucheza ilhali wenzake wameucheza ni mchezo wa kiporo. Kozi ambayo wenzako wameimaliza nawe bado unaidaiwa ni nini kama si kozi ya kiporo? Tunajua baadhi ya wasomaji watasema neno hili ni la jikoni, halina hadhi ya chuo kikuu. Tunajibu kwamba kitivo ni cha shambani.

7. Vyeo na rufaa

Jambo la mwisho ni dogo kwa sura, lakini limewapotezea watu muda wao wa rufaa. Mkuu wa Chuo, katika chuo kikuu, ni cheo cha heshima, na katika vyuo vya makanisa mara nyingi mwenye cheo hicho ni askofu. Mtendaji wa kila siku ni Makamu Mkuu wa Chuo. Lakini katika chuo cha ualimu au cha uuguzi, Mkuu wa Chuo ndiye mtendaji. Mzazi anayetaka kukata rufaa huandika, kwa mantiki nzuri kabisa, kwa mkubwa badala ya makamu. Barua hufika kwa askofu, na siku zilizowekwa hupita. Hatupendekezi kuvibadili vyeo hivi, kwani vimekwisha kuota mizizi. Tunapendekeza kwamba kila kifungu cha rufaa kitaje ofisi pamoja na kazi yake.

8. Hitimisho

Isidhaniwe kwamba tunalinyima kanisa mchango wake katika msamiati wa elimu. Neno malezi, kama linavyotumika katika seminari, lina upana ambao “ushauri wa wanafunzi” hauna: linakusanya akili, tabia na afya ya kijana, na lina mtu anayewajibika, yaani mlezi. Vyuo vya serikali vingefaidika kuliazima. Lakini malezi yenyewe yanadai ukweli wa maneno. Mlezi hamwambii mtoto aliyekosea hesabu kwamba ametenda dhambi.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Kanuni za chuo nazo ni aina ya sheria: zinatoa haki, zinaondoa haki, na zina rufaa. Haifai mshtakiwa mahakamani aelezwe kosa lake kwa Kiswahili kilichopimwa, na mwanafunzi aelezwe lake kwa Kiswahili cha kubahatisha. Tunatoa rai kwa vyuo vikuu vya makanisa kwamba kila kimoja kiambatishe katika kitabu chake cha kanuni orodha ya istilahi za Kiswahili, walau zile thelathini au arobaini zinazogusa hatima ya mwanafunzi, na barua zote kwa wazazi zifuate orodha hiyo. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967 kwa kazi za namna hii miongoni mwa nyingine.

Mapendekezo yetu ya muda wa uangalizi, kuondolewa masomoni, unukuzi fiche, wastani wa uzito na kozi ya kiporo yako mbele ya wasomaji. Walio katika ofisi za masomo, wahadhiri, walezi, na hasa wanafunzi wenyewe, tunawaomba watuandikie: ni lipi linalokwama mdomoni, na ni lipi ambalo tayari lina jina bora huko waliko. Istilahi hupimwa na mwenye kuitumia, na katika jambo hili mwenye kuitumia ni mzazi aliyeshika barua mkononi, akitafuta kujua mwanawe amepatwa na nini.